Mwongozo kamili kwa dada wa nyumbani: mtoto ale, alale mchana, nawe upate saa yako

Madada wengi wanaolea watoto Dar es Salaam wanakwama mahali pamoja. Mama anatoka saa 11 na nusu alfajiri kuwahi foleni. Mtoto anabaki analia, uji anaukataa, saa 4 anasinzia kwenye zulia, saa 7 macho makavu. Jioni mama anarudi anakuta mtoto ana hasira, sinki limejaa vyombo, na dada hajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Kesho yake yanajirudia yaleyale.

Wengi huhangaika na usingizi peke yake: kubembeleza zaidi, kubeba zaidi, kuimba zaidi. Lakini usingizi wa mchana unaanza kutengenezwa asubuhi, kwa namna mama alivyoaga, uji ulivyokuwa mzito, na mtoto alivyotembea nje. Ukirekebisha huko mwanzo, mchana unajipanga.

Mwongozo huu ni wa mtoto mwenye afya wa miezi 12 hadi 18. Ufuate siku 5 mfululizo kabla hujasema haufai. Siku 2 za mwanzo huwa ngumu, na siku ya 3 wengi hukata tamaa wakati mambo ndiyo yanataka kukaa sawa.

## Vitu vya kuandaa tangu usiku

- Unga wa uji wa aina moja au mbili tu: mahindi, ulezi, au mchanganyiko wa hivyo viwili.
- Karanga zilizokaangwa na kusagwa laini kabisa, kwenye kopo lenye mfuniko.
- Kikombe cha kupimia cha mililita 250. Kama hakuna, pima maji kwa chupa ya nusu lita: nusu ya chupa ndiyo kikombe kimoja.
- Kikombe kidogo kisicho na mfuniko, bakuli la mtoto na kijiko kidogo. Chupa ya chuchu kwa ajili ya uji weka kando.
- Maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1 na nusu, kwenye jagi lenye mfuniko.
- Kanga 2: moja ya kumbebea, nyingine aliyoivaa mama usiku na ambayo haijafuliwa. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 6.
- Kitenge kizito au shuka jeusi la kuziba dirisha la chumba anacholala.
- Daftari dogo na kalamu, vikae mahali pamoja siku zote.
- Kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, pakiti 2 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukorogea maji mtoto akiharisha), na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi ukutani: mama, baba, jirani mmoja, na dereva wa bajaji anayejulikana. Zisikae ndani ya simu tu, maana simu huzima chaji siku ile unayoihitaji.

Karanga na unga vikague kabla ya kuvitumia. Vyenye ukungu au harufu ya uvundo, tupa. Usipepete ukungu ukaendelea kupika, kwa sababu sumukuvu haitoki kwa kupepeta wala haifi kwa kuchemsha.

## Hatua ya 1: Mpokee mtoto, usimnyang'anye

Mama wengi hutoroka. Mtoto akigeuka kutazama kitu, mlango umeshafungwa. Siku hiyo inaonekana rahisi, lakini mtoto hujifunza kwamba mtu akipotea machoni huenda ameondoka. Ndiyo maana anakung'ang'ania mguu hata ukienda chooni.

Mwombe mama kwa heshima: "Mama, naomba uwe unamuaga tu, hata akilia. Akilia nitambembeleza." Akubali dakika 5. Akae, ampakate, amwambie maneno yaleyale kila siku, "Mama anaenda kazini, jioni narudi," kisha amkabidhi mikononi mwako huku mtoto anamwona. Nendeni dirishani au getini pale pale pa jana, mpungeni mkono mpaka apotee.

Atalia. Usimkatize kwa biskuti wala kwa katuni za simu. Mbebe, tembea naye taratibu, mtajie anavyoviona: kuku, paka, pikipiki ya baba Juma. Kufikia siku ya 5, watoto wengi kilio huwa kimefupika sana, na wapo wanaopunga mkono wenyewe kabla mama hajageuka.

Kabla mama hajatoka, muulize mambo matatu uyaandike: alilala saa ngapi, ameamka saa ngapi, kuna dawa leo au hakuna.

Kama ameacha maziwa aliyokamua, yapokee yakiwa na tarehe na saa kwenye chombo. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4. Nje ya friji, kipimo cha saa 4 ni cha chumba chenye nyuzi 25 tu, na mchana wa Dar mara nyingi hufika 30 na kupita, kwa hiyo yatoe pale tu unapotaka kumpa. Yapashe kwa kutumbukiza chombo kwenye bakuli la maji ya moto. Usiyachemshe, na usiyaweke kwenye maikrowevu, kwa sababu hupata moto kwa mafungu na fungu moja linatosha kumuunguza ulimi. Yaliyoshapashwa yakabaki zaidi ya saa 2, mwaga.

## Hatua ya 2: Uji unaoshibisha

Hapa ndipo siku nyingi zinapoharibikia. Uji mwepesi unajaza tumbo maji. Mtoto anakunywa kikombe kizima, wewe unafurahi, na baada ya saa moja ana njaa, analia, anapewa biskuti, mchana hali. Tumbo lake ni dogo, hivyo kila kijiko lazima kibebe chakula cha kweli.

Kwa mlo mmoja:

- maji kikombe 1
- maziwa robo kikombe
- unga vijiko 4 vya chakula, vya kufuta kwa kisu
- karanga iliyosagwa kijiko 1 cha chakula

Koroga unga na robo ya yale maji yakiwa baridi mpaka mabonge yaishe. Maji yaliyobaki yachemke, kisha mimina ule mchanganyiko huku unakoroga bila kuacha. Ukichemka, punguza moto upike dakika 10 hadi 15. Ulezi unataka zile 15. Uji usioiva una harufu ya unga mbichi na unamjaza mtoto gesi, na tumbo lenye gesi halilali mchana. Dakika 3 za mwisho tia karanga na maziwa.

Kama karanga ni mara yake ya kwanza, anza na robo ya kijiko cha chai wakati mama yupo nyumbani, umtazame kama anavimba midomo au kutoka vipele.

Kipimo cha uzito wa uji ni hiki. Chota kwa kijiko, ukiinamishe. Uji wako unatakiwa kukaa kwenye kijiko kwanza, kisha uteleze kwa tone zito linalodondoka polepole. Ukitiririka kama maziwa, umekosea. Ukiganda ukagoma kutoka, ongeza vijiko 2 vya maji ya moto.

Mtoto aliyezoea uji mwepesi atautema. Usirudi kwenye maji. Tumia kimea, ule unga wa nafaka iliyooteshwa wa kutengenezea togwa, unaouzwa sokoni. Epua uji, uache upoe mpaka mvuke upungue na kidole kivumilie kugusa, tia nusu kijiko cha chai cha kimea, koroga. Ndani ya dakika chache utauona unalainika mbele ya macho yako, bila kuongezwa tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena dakika 2, kwa sababu kimea kinaweza kuwa na vijidudu. Usikitie uji ukiwa unatokota, moto unakiua na hakifanyi kazi.

Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka na mbegu nane: achana nao. Kila nafaka inataka muda wake wa kuiva, na soya isiyokaangwa vizuri inaumiza tumbo. Mahindi, karanga na maziwa vinatosha.

Pika kila mlo kwa wakati wake. Uji wa alfajiri uliokaa vuguvugu kwenye chupa ya chai mpaka saa 4 umeshaanza kuchacha, hata kama haunuki.

## Hatua ya 3: Kumlisha bila vita

Nawa mikono kwa sabuni, mnawishe na yeye. Mkalishe wima, uso wake ukitazamana na wako, kwenye kiti au mapajani.

Weka uji kwenye bakuli lake mwenyewe, kiasi cha robo tatu ya kikombe. Mpe kijiko kimoja ashike, wewe shika kingine. Atachafua, na ndivyo inavyotakiwa: mtoto anayeshika kijiko hukaa mezani muda mrefu zaidi. Tandika gazeti au mfuko wa unga uliofunguliwa chini ya kiti, kufagia iwe kazi ya dakika moja.

Leta kijiko mpaka karibu na mdomo, usubiri afungue. Akigeuza kichwa, shusha, ongea naye, jaribu tena baada ya nusu dakika. Akigeuza mara 3 mfululizo, amemaliza. Mlo mzima usizidi dakika 25 hadi 30.

Usimlaze chali umnyweshe, usimbane pua, usimshike mikono. Tunajua kwanini hufanyika: mama atauliza kama kikombe kimeisha. Lakini uji wa kulazimisha unaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na mtoto aliyelazimishwa leo kesho anafunga mdomo akiiona tu bakuli. Ni afadhali kuandika "amekula nusu" kwenye daftari. Mama mwenye busara anapenda ukweli kuliko kikombe kitupu.

Chupa ya chuchu iliyokatwa tundu iache kabisa. Inataka uji mwepesi, inasafishika kwa shida, na inammiminia mtoto kuliko anavyoweza kumeza.

Kati ya mlo na mlo, tunda likiwemo, acha saa 2 hadi 3. Katikati mpe maji tu. Katika vitu vyote vinavyosababisha mtoto akatae chakula, juisi ya pakiti, biskuti na vipande vya chapati vya kila dakika vinaongoza.

### Akipaliwa

Akiwa anakohoa kwa sauti, muache akohoe, kaa naye. Asipoweza kulia wala kukohoa na midomo inabadilika rangi, tenda mara moja. Piga kelele jirani aje. Mlaze kifudifudi mapajani, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Ikishindikana, na ameshatimiza mwaka, mshike kwa nyuma, ngumi yako juu kidogo kuliko kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu. Kwa aliye chini ya mwaka usibane tumbo: mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Akizimia, wahini hospitali huku anayejua kuhuisha pumzi akianza kazi hiyo.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: karanga nzima, bisi, pipi, zabibu nzima, karoti mbichi na soseji ya mviringo visimfikie.

## Hatua ya 4: Kuoga, nje, na kazi mkiwa wawili

Saa 1 na nusu hadi saa 2, aoge. Mimina maji baridi kwanza kwenye beseni, ya moto baadaye, ukoroge, upime kwa kiwiko. Kiwiko kisihisi moto wala baridi. Maji yawe ya kufika kiunoni akiwa amekaa. Weka sabuni, taulo na nguo karibu kabla hajaingia, kwa sababu hutakiwi kumuacha hata kwa kufuata simu inayoita. Mtoto huzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Ukimaliza mwaga beseni papo hapo, na ndoo zote za akiba zifunikwe.

Saa 2 hadi saa 3 na nusu, nje. Jua bado halijawa kali. Mvue viatu atembee mchangani, apande ngazi moja na kushuka, asukume ndoo tupu, afukuze kuku. Mtoto aliyebebwa asubuhi yote hana sababu ya kuchoka saa 6. Lengo lako ni nusu saa ya kutembea kwa miguu yake mwenyewe, au kutambaa kama bado hajaanza kutembea, hata kama ni kuzunguka uwanja wa nyumba tu.

Saa 3 na nusu mpe tunda: nusu ndizi, kipande cha papai, au parachichi lililopondwa.

Halafu ingia kwenye kazi za nyumbani ukiwa naye. Watu wengi husubiri mtoto alale ndipo waoshe vyombo na kufua, na hivyo saa yao ya kupumzika huisha kwenye sinki. Geuza. Ukichambua mchele, mpe sufuria ndogo na mwiko. Ukikunja nguo, mpe rundo la soksi. Ukideki, mpe kitambaa chake kilicholowa. Utachelewa, ndiyo, dakika 30 za vyombo zitakuwa 45. Lakini zimefanyika akiwa macho.

Na ongea. Sema unachofanya, kwa sentensi fupi: "Dada anaosha kikombe. Kikombe cha nani? Cha baba." Siku moja utanyoosha mkono kwenye jagi na sauti ndogo nyuma yako itasema "maji". Hakuna anayekuandaa kwa utamu wa dakika hiyo.

Sabuni za unga, jiki, mafuta ya taa na dawa za panya vikae juu, na visihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

## Hatua ya 5: Chakula cha saa 5 na nusu

Ndiyo, mapema hivyo. Ukisubiri saa 7, usingizi utamkuta na njaa: hatakula vizuri na hatalala vizuri.

Robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, chakula kizito cha kuponda kwa uma: wali laini na maharage yaliyopondwa pamoja na mchicha, ndizi za kupika na nyama ya kusaga, au viazi vitamu na dagaa. Dagaa toa vichwa, osha vizuri, kaanga bila mafuta mpaka wakauke, twanga, uchekeche. Kijiko 1 cha chakula cha unga huo kwenye bakuli kinatosha. Samaki mwenye miiba mchambue kwa vidole, usiamini macho.

Chai usimpe, hasa pamoja na chakula. Inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na mtoto akipungukiwa damu anakosa hamu ya kula.

## Hatua ya 6: Usingizi wa mchana

Mtoto wa umri huu anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, usiku na mchana kwa pamoja. Usingizi wa mchana ni saa 1 na nusu hadi 2 na nusu. Kati ya miezi 12 na 18 wengi huhama kutoka kulala mara 2 kuja mara 1. Kama wako bado anasinzia asubuhi, mruhusu dakika 30 saa 3, si zaidi, umwamshe kwa upole, na usingizi wa mchana usogee mpaka saa 7. Baada ya wiki chache ule wa asubuhi utakufa wenyewe.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Kwanza anatulia na kukodolea macho kitu kimoja. Kisha anavuta sikio au kusugua macho. Kisha ananung'unika. Mwisho anakimbia ovyo, anacheka sana, anajitupa chini. Wengi huanza kubembeleza kwenye dalili hii ya mwisho, wakidhani mtoto bado ana nguvu. Hapo umeshachelewa, mwili wake unapigana na usingizi na utabembeleza saa nzima. Anza kwenye ile ya kwanza. Kwa ratiba hii itakuwa saa 6 na robo hivi.

1. Ziba dirisha kwa kitenge. Feni iwake lakini ipulize ukuta, isimpulize yeye.
2. Mbadilishe nepi, mfute uso na shingo kwa kitambaa cha maji. Kwenye joto la Januari na Februari, shingo iliyojaa jasho peke yake inatosha kumwamsha.
3. Mfunge mgongoni, magoti yake yakiwa juu kidogo kuliko makalio, kitambaa kikiwa kimepita chini ya mapaja kutoka goti hadi goti. Uso usifunikwe.
4. Tembea chumbani, mwendo mmoja, wimbo mmoja, sauti ishuke kila baada ya muda. Imba wa kwenu: Kihehe, Kinyaturu, Kisambaa, chochote ulichoimbiwa. Mtoto hajali maneno, anajali kwamba ni uleule wa jana.
5. Subiri mpaka kichwa kiwe kizito kwenye uti wa mgongo wako na mkono wake uliokuwa umekushika uachie. Hesabu dakika 5 zaidi.

Sasa kumlaza, mahali ambapo kazi yote huharibika. Usimtelezeshe kichwa kwanza, atahisi anaanguka na kuamka. Kaa ukingoni mwa kitanda, mzungushe polepole aje kifuani bila kufungua kanga. Inama naye. Makalio yaguse godoro kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho. Acha kiganja chako kifuani pake dakika 2, pumua taratibu, kisha inua kidole kimoja kimoja. Ile kanga ya mama ilaze karibu na mkono wake, mbali na uso. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kanga, mto na midoli visiwepo kitandani kabisa.

Chandarua kishushwe hata mchana. Mbu wa dengue huuma kukiwa na mwanga, na Dar imeshapata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

Akiamka baada ya dakika 40 akilia, usimnyanyue upesi. Mara nyingi anavuka tu kutoka usingizi mmoja kwenda mwingine. Rudisha kiganja kifuani, imba ule wimbo, subiri dakika 5. Asipolala, inukeni, na kesho muongezee dakika 10 za kutembea nje.

## Hatua ya 7: Saa yako

Mtoto amelala, vyombo vimeshaoshwa, chakula cha mtoto kimeshapikwa. Chota chakula chako, cha moto, kwenye sahani, ukae kwenye kiti. Madada wengi hula makombo ya mtoto wakiwa wamesimama, kisha saa 11 jioni miguu inatetemeka na hasira inapanda haraka. Hasira hiyo humwangukia mtoto.

Acha mlango wa chumba wazi kidogo, umsikie. Kunywa chai, piga simu kwenu, suka nywele, sikiliza redio kwa sauti ya chini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akishafanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa 24 za kupumzika kila juma. Siku yako ya juma iombe kwa utaratibu, mpange na mama mapema nani atabaki na mtoto.

Unapojua umefaulu ni hapa: saa 7 mchana, kikombe cha chai bado kina mvuke, na kinachosikika ni feni na pumzi za mtoto.

## Hatua ya 8: Jioni

Akiamka mpe maji, kisha kitu kidogo: yai lililochemshwa na kupondwa, mtindi, au kiazi. Asilale tena baada ya saa 10, la sivyo usiku mama hatafumba jicho.

Saa 10 na nusu jua linalegea na uwanja unajaa madada wenzako na watoto wao. Nenda. Ni saa tamu ya mchana wote, na mtoto hujifunza kwa wenzake kuliko kwa midoli. Mvalishe mikono mirefu na suruali. Vifuu, matairi na vyungu vya maua vyenye maji yaliyotuama mwageni pamoja, mbu wa dengue huzaliana humo. Macho yabaki kwa mtoto hata mazungumzo yakinoga. Mambo ya nyumba ya watu yasiende uwanjani, na picha ya mtoto usiitume popote bila ruhusa.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Ikifungwa hushika ubaridi kwa takriban saa 4.

Mtoto akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, mpigie mama, mpunguze nguo, mpe maji au maziwa mara kwa mara. Dawa ya homa mpe kwa kipimo alichoandika mama kwa ushauri wa daktari, kwa bomba la kupimia, siyo kijiko cha jikoni. Akiharisha, koroga pakiti 1 ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi na umpe nusu ya kikombe cha chai kila baada ya choo, kidogo kidogo kwa kijiko. Iliyobaki ikitimiza saa 24, mwaga.

Usisubiri mama arudi akionyesha lolote kati ya haya: anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, anapumua kwa shida, au kinyesi kina damu. Chukua kadi ya kliniki, ita bajaji, mpigie mama ukiwa njiani.

## Hatua ya 9: Mkabidhi na daftari

Andika kila jambo linapotokea, siyo jioni kwa kukumbuka. Ukurasa mmoja kwa siku:

*12:50 uji, robo tatu kikombe. 3:30 ndizi nusu. 5:30 wali, maharage, mchicha, nusu bakuli. 6:30 hadi 8:20 amelala. Choo mara 2, kawaida. 10:15 ameanguka ngazini, goti limechubuka, nimeosha kwa maji na sabuni.*

Maanguko yaandike yote, hata madogo. Mama akiliona goti kabla hujasema, imani inapungua. Akikuta limeandikwa, inaongezeka.

Liko jambo moja la kuzungumza na mama mapema: hatua ya kwanza na neno la kwanza. Vinaweza kutokea wewe ukiwa peke yako. Muulize, "Mama, akianza kutembea mchana nikupigie, au nisubiri umwone mwenyewe?" Wapo wanaotaka video dakika hiyohiyo, na wapo ambao wangepata uchungu kwamba hawakuwepo. Alichochagua ndicho ufuate, hata kama furaha imekujaa mdomoni mchana kutwa.

Geti likigonga, usimbebe mtoto kumpeleka. Msimamishe mlangoni, umshike kidole, amwone mama akiingia. Mpe mama nafasi avue viatu na kunawa mikono, kisha umwachie mtoto na daftari. Dakika 10 za mwanzo ni zao wawili. Wewe nenda kabandike maji ya kuoga.